Ile odio ya "mukate ni sumu, sombe ni dawa ya sukari": musiache vidonge, someni hapa kwanza

yaya_wa_Nguba

Jambo wote. Munisamehe kama nitarudia maneno, nimetoka kukaa siku tatu ku hospitali pembeni ya kitanda na kichwa bado hakijatulia.

Kuna odio inazunguka mu magrupu ya wasap ya hapa Bukavu. Ni mutu wa sauti ya upole, anaanza na maombi kabisa, halafu anasema wazee wetu kule kijijini wanakula bugali ya muhogo na sombe (majani ya muhogo) muchana na mangaribi na hawajui ugonjwa wa sukari, sisi wa mujini tunakula mukate na muchele na makaroni na njo sisi tunaumwa sukari, basi mukate ni sumu na sombe ni dawa, na mwenye atakula bugali na sombe tu siku arobaini anaweza kutupa vidonge vyake.

Mama mukubwa wangu, yule mwenye alinilea nikiwa nasoma, ana sukari mwaka wa sita sasa. Odio alisikilizishwa ku likelemba yao, ile grupu ya kuchangishana pesa. Akaacha vidonge. Mimi hakuniambia kitu juu mi ni infirmye (muuguzi) na alijua nitagomba. Hakufika hata hizo siku arobaini. Mutoto wake alinipigia saa kumi ya usiku, nikakuta mama anakunywa maji kopo kwa kopo na bado anaomba, ulimi umekauka, anapumua haraka-haraka sawa mutu mwenye amepanda mulima. Nikatoboa kidole, nikaweka damu ku kamashini kangu ka kupima sukari. Hakikutoa namba. Kaliandika herufi mbili tu, HI, njo ile kanaandika wakati sukari imepita pale kanaweza kuhesabu. Nimefanya kazi hii miaka mingi, nimeona ile HI ku wagonjwa wa watu wengine, lakini kuiona ku kidole chenye kilikuwa kinanikata mukate wa asubuhi nikienda masomo, hiyo ni kitu ingine.

Ni muzima. Serumu, insilini, siku tatu, sasa anakula. Sikuja hapa kugombana na mwenye alirekodi odio. Sifikiri ni mutu mubaya, nafikiri aliona kitu kwa macho yake, na kile aliona kiko kweli: kijijini unasikia watu kidogo tu wenye wanaambiwa wana sukari, mujini wengi. Kosa liko ku ile hatua ya pili, pale anaruka kutoka "nimeona" mupaka "kwa hiyo ni mukate".

Angalia mama wa Walungu ao wa Kalehe. Ni kweli anakula bugali na sombe. Lakini kabla ya kula ameshuka shambani kwa miguu, amelima mupaka jua la saa sita, amepanda na muzigo ku mugongo, kamba ku paji la uso, muzigo yenye mimi na wewe hatuwezi kuinua toka chini. Halafu angalia nani anakula mukate kila asubuhi hapa Ibanda. Ni mwenye ana mushahara ao boutike. Mukate anakula na chai yenye sukari vijiko vitatu, anapanda moto (pikipiki) kufika kazini, anakaa ku kiti mupaka saa kumi, anarudi na moto. Sasa ukilinganisha hawa wawili, unalinganisha mukate na sombe? Hapana. Unalinganisha maisha mbili nzima, mukate ni kile kitu kimoja tu chenye ulichagua kuangalia. Chakula hakitembei peke yake, kinatembea na mufuko wa mutu, na miguu yake, na umri wake.

Na kuko ingine mbaya zaidi. Kijijini nani alipima? Kuna kituo cha afya kimoja nilifanya kazi, kamashini kalikuwepo, bandeleti zake, tule tukaratasi twa kuweka damu, zilikuwa zimeisha, tulikaa vile miezi. Watu walikuwa wanakuja wamekonda, wanakojoa usiku kucha, tunaandika tu "malaria" juu njo kitu tulikuwa na uwezo wa kupima. Wenye walikufa, familia ilisema wamelogwa. Sukari ilikuwepo, jina njo halikuwepo.

Ile kitu ya tatu yenye inajificha nyuma ya chakula, walimu wetu wanaita fakta ya konfizio. Mi naiita kitu cha tatu, inatosha. Njo ilikaribia kuniulia mama.

mwana_Bagira

Yaya pole sana kwa mama mukubwa, Mungu amusaidie apone. Lakini mi siko na wewe kwa yote. Koko yangu alikufa na karibu miaka mia moja, mukate hajauonja mupaka anazikwa, alikuwa anakula bugali, maharagi, sombe, na kasiksi yake (pombe ya ndizi) kila mangaribi kikombe kimoja, na hajalala hospitali hata siku moja. Hakukuwa kupima glikemi (sukari ya damu) hakukuwa nini. Sasa banakuja na bizungu ya fakta. Mi naamini kile niliona. Na hata ba docta ba Ulaya benyewe banasema pombe kidogo inasaidia moyo, hiyo yote ni vitu koko alijua bila masomo.

yaya_wa_Nguba

Asante ndugu yangu, na koko wako nampa heshima yote. Lakini nikuombe kitu, leo ukifika nyumbani umuulize mama: mama ya koko alizaa batoto wangapi? Na wangapi walivuka miaka mitano? Juu sisi tunamuona koko, wale wengine hatuwaoni, walizikwa wadogo na hakuna mutu anaandika post juu yao. Walikula bugali ile ile, sombe ile ile, ku sufuria moja. Ukiangalia wenye walibaki tu, kila kitu walikula kitaonekana ni dawa.

Kwa ile ya pombe, ni mufano muzuri sana wa kitu cha tatu, asante umeuleta. Kweli kwa miaka mingi tafiti zilikuwa zinaonyesha wenye hawakunywi kabisa wanakufa kuliko wenye wanakunywa kidogo. Mwaka 1988 kukawa watafiti wa Uingereza, Gerald Shaper na wenzake, walikuwa wanafuata wanaume zaidi ya 7,000, wakauliza swali lenye kila mama wa hapa angeuliza: hawa wenye hawakunywi, kwa nini hawakunywi? Wakakuta wengi walikuwa walevi ao wanywaji wa zamani, waliacha juu walikuwa wamekwisha kuumwa. Moyo, ini, dawa zenye haziendi na pombe. Sasa ukiweka hawa wagonjwa ndani ya kikapu cha "hawakunywi", ni lazima kikapu kionekane kibaya, na mwenye kikombe kimoja aonekane amebarikiwa. Fikiria mutaa yako, nani ameacha kasiksi kwa ghafla? Si yule docta alimuambia ukirudia utakufa?

Mwalimu_Katana

Nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Katana, jirani kabisa na Lwiro, na kila mwaka nikifundisha biolojia nawaambia wanafunzi kwamba somo hili la kitu cha tatu hatukuletewa kutoka mbali, lilifanyiwa kazi hapa hapa juu ya ziwa letu la Kivu.

Wengi mnajua Lwiro kwa sababu ya sokwe. Lakini yale majengo yalianza kama kituo cha utafiti, IRSAC, iliyoundwa 1947, leo ndiyo CRSN. Miaka ya sitini madaktari Wabelgiji, akina Delange, Ermans na Thilly, walikuwa wanachunguza goita, uvimbe wa tezi ya shingo, kisiwani Idjwi. Maelezo ya wakati ule yalikuwa mepesi: goita ni ukosefu wa ayodini, kwisha. Wakaenda kisiwani wakakuta jambo linalosumbua akili. Kaskazini watu wenye shingo zilizovimba walikuwa wengi sana, kusini-magharibi wachache tu. Wakapima mkojo wa pande zote mbili. Ayodini ilikuwa haba sana huku, na haba vilevile kule. Kisiwa kimoja, maji ya ziwa moja, upungufu mmoja, goita tofauti kabisa.

Hapo ndipo nawaomba wanafunzi wangu wasimame kidogo. Kama wale madaktari wangelinganisha kaskazini ya Idjwi na mji wa Bukavu, pengine wangepata ayodini tofauti, goita tofauti, wangefunga daftari na kurudi kwao wameridhika. Kwa kulinganisha watu wanaofanana kwa karibu kila kitu, na ayodini ikiwa sawa, kile kingine kikakosa pa kujificha. Wakashuku chakula. Na hawakubaki kwenye kushuku, walichukua vyakula vya pale wakawapa watu, wakapima tezi ya shingo inanyonya ayodini kiasi gani baada ya kula. Muhogo uliolimwa upande wa goita uliishusha. Muhogo una kitu ambacho mwilini kinatoa sianidi, mwili unajilinda kwa kuigeuza kuwa tiosianati, na hiyo tiosianati inaizuia tezi kuchukua ayodini. Waliyaandika haya 1968 na 1971.

Sasa msikimbilie kusema muhogo unaleta goita, hapo mtakuwa mmerekodi odio nyingine. Palipo na ayodini ya kutosha muhogo peke yake hausababishi shida hiyo. Ni vitu viwili vinashikana mkono. Ndiyo maana chumvi yenye ayodini ni kitu kikubwa sana kwetu, na ndiyo maana mtu anayeuliza "chakula gani kinaleta ugonjwa gani" bila kuuliza "kwa nani, na ana nini kingine" hatapata jibu.

mwana_kisiwa

Mwalimu umenikumbusha mbali. Mi ni wa Idjwi, upande wa Rubenga, kaskazini, koko yangu mwanamuke alikuwa na ile goita, tulikuwa batoto tunaikamata tukilala ku kifua yake, yeye anacheka. Tulikuwa tunafikiri ni kitu ya kila muzee mwanamuke. Niongeze kitu moja juu ya muhogo: si kila nyumba inautengeneza sawa. Kuko wenye wanaulowesha siku tatu ine mupaka ulainike na uanze kunuka ile harufu, ndipo wanaanika. Kuko wenye, mwezi ya njaa, wanatoa mbio, siku moja wanaanika, wanasaga. Ukiwauliza wote watakuambia "tunakula bugali ya muhogo". Karatasi ya mutafiti itaandika kitu moja. Lakini ile bugali mbili si chakula moja. Na mwenye anatoa mbio ni mwenye njaa, hana samaki, hana maharagi, hana kitu. Sasa ukikuta anaumwa, utasema ni muhogo, utasema ni njaa, utasema ni haraka?

memwari_mwaka_wa_3

Swali kwa yaya na mwalimu tafazali, niko naandika memwari (kazi ya kumaliza masomo) juu ya lishe ya watoto na hii inanigusa. Promoteri wangu, mwalimu mwenye anasimamia kazi, anasema hakuna shida, unakusanya data ya kila kitu, pato la nyumba, masomo ya mama, maji, idadi ya watoto, halafu programu ya kompyuta inatoa zile athari zote inabakisha chakula peke yake. Je si hivyo? Kama nimeweka kila kitu ndani ya modeli, kitu cha tatu kinapitia wapi tena?

yaya_wa_Nguba

Mudogo wangu, promoteri hakudanganya, hiyo kazi ni ya lazima, uifanye. Lakini programu inatoa kile uliandika tu, na inakitoa vile uliandika.

Nikuelezee kitu chenye sitasahau. Tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba mu Kadutu, kule juu kwenye ngazi za udongo, na kestionere ya chakula cha jana. Nikaingia kwa mama mumoja, ana batoto watatu, jirani yake amekaa mulangoni anasuka mutu kichwa. Nikauliza mutoto alikula nini jana. Akajibu bila kusita, bugali, lenga-lenga na sambaza, tule tusamaki twa ziwa. Nikaandika. Nikapima mutoto mukono na ule mukanda wa rangi wa kupima utapiamlo, ukasimama ku manjano, karibu na nyekundu, unajua nyekundu ni chini ya sentimita 11.5. Nikaaga. Nimeshuka ngazi kama ishirini hivi, nikasikia mutu ananifuata na kandambili. Ni yule mama. Akanikamata mukono akasema kwa sauti ya chini: "Yaya, ile sambaza, uifute. Ni ya siku nyingi. Pale kulikuwa mutu." Nikachukua kalamu nikaifuta mbele yake. Nikashuka mupaka chini ku barabara nikiwaza kitu moja: mu zile nyumba zingine zote, nani hakunifuata?

Angalia sasa nini ingetokea. Mama masikini mwenye haya anaandikwa amelisha samaki, mutoto wake amekonda, data inasema samaki haisaidii. Mwingine mwenye ana pesa anasema kweli. Programu haijui haya. Haijui jirani mulangoni. Hata "pato la nyumba" utaandika tatu ao ine, lakini ndani ya ile namba kuko nyumba yenye baba analeta pesa nyumbani na nyumba yenye baba anaiacha ku kabare, na mutoto anajua tofauti.

Na si sisi masikini tu. Nikupe mufano mukubwa kuliko yote. Miaka ya themanini tafiti nyingi zilikuwa zinaonyesha wenye wanakula mboga na matunda kwa wingi, wenye damu yao ina beta karotini nyingi, wanapata kansa ya mapafu kidogo. Walitoa athari ya sigara mu hesabu, walitoa ya umri, bado ilionekana. Hiyo beta karotini njo inafanya mafuta ya mawese yawe mekundu, si kitu kigeni kwetu. Basi wakafanya jaribio la kweli Finlandi, wanaume 29,133 wote wavuta sigara, wakawagawa kwa bahati nasibu, hawa wanapewa kidonge cha beta karotini, hawa kidonge kitupu, na hakuna anayejua amepewa nini. 1994 wakatoa matokeo. Wenye walikula beta karotini walipata kansa ya mapafu ZAIDI, asilimia 18 zaidi. Wengi hawakuamini. Marekani kulikuwa jaribio lingine, watu 18,314, wavuta sigara na wenye walifanya kazi na asibesto, hawa walipewa beta karotini pamoja na vitamini A, na wao wakaona kitu kile kile, wakasimamisha 1996 kabla ya wakati wake.

Sasa zile tafiti za zamani zilikuwa za uongo? Hapana. Waliona kweli wala-mboga wanaumwa kidogo. Lakini mwenye anakula mboga nyingi mara nyingi ni mwenye pia anavuta kidogo kuliko wengine, anatembea, anaenda kwa docta mapema, ana pesa. Karotini ilikuwa alama ya hayo maisha, sawa vile moshi mweupe ku jikoni unaonyesha leo kuko chakula. Wewe ukichukua moshi ukauweka ku nyumba ingine, hautashiba.

Kwa hiyo andika memwari yako, weka kila kitu ndani, lakini ku mwisho usiandike "chakula hiki kinaleta". Andika "nimeona vinaenda pamoja", na uandike kwa ukweli vitu gani haukuweza kupima. Juri yenye akili itakuheshimu.

kaka_wa_Essence

Sasa mi nimechanganyikiwa. Kama ma riserchi yanaweza kudanganya na watu elfu 29, na wazee wetu hapana, na programu hapana, basi tuamini nini? Si afazali kila mutu ale kile anataka na kungoja siku yake. Muko munavunja kila kitu hamujengi.

Mwalimu_Katana

Kaka, nakuelewa, lakini angalia vizuri: hao watu elfu 29 hawakudanganya, ndio waliosahihisha. Wakati unapogawa watu kwa bahati nasibu, maskini wanaanguka pande zote mbili, wavivu pande zote mbili, waongo pande zote mbili. Kitu cha tatu kinagawanywa sawa hata kama hukijui jina lake. Huo ndio uzuri wake na mimi kila nikiufundisha nafurahi upya.

Na pale huwezi kugawa watu, bado kuna njia, lakini ni kazi ya jasho. Zamani kisiwani Java watu walikuwa wanakufa kwa beriberi, miguu inavimba, moyo unashindwa. Daktari Mholanzi, Eijkman, aliona kuku wake wakipatwa na ugonjwa unaofanana na ule walipolishwa mchele uliokobolewa mweupe, wakapona waliporudishiwa mchele wenye ganda. Watu wakamwambia kuku si mtu. Basi rafiki yake Vorderman, mkaguzi wa afya, akaenda kuchunguza gereza. Si moja, magereza 101, wafungwa karibu 280,000. Mchele ulikuwa unafuata desturi ya kila mahali, kwingine mweupe, kwingine wenye ganda. Lakini hakutazama mchele tu. Alitazama jengo lina umri gani, sakafu ya namna gani, hewa inapitaje, wafungwa wamebanana kiasi gani, kwa sababu alijua watasema "pale ni hewa chafu, si mchele". Mambo hayo yote hayakufuata ugonjwa. Mchele ulifuata. Yote hayo kabla ya 1900, bila kompyuta, na neno vitamini lilikuwa bado halijazaliwa. Eijkman alipewa Nobeli 1929.

Na kwetu Kongo ipo konzo, ule ugonjwa wa Kwango, kusini-magharibi ya nchi, wa kupooza miguu ghafla. Daktari Trolli aliuandika tangu 1938. Jina lenyewe ni la Kiyaka, miguu iliyofungwa. Kwa kuwa unapiga kijiji kwa kundi, watu wa nyumba moja, kuna waliodhani ni maambukizi, na macho yanakubali kabisa. Lakini wanaolala nyumba moja wanakula pia chungu kimoja. Watafiti, akina Hans Rosling wa Uswidi na Banea-Mayambu wetu wa Kongo, walifuata muhogo mchungu mpaka mtoni unapoloweshwa, wakakuta jambo lile lile alilosema mwana_kisiwa hapo juu: siku za kulowesha zimepunguzwa ili muhogo uuzwe haraka, na watu wale wale hawana nyama wala maharagi ya kuupa mwili nguvu ya kuiondoa ile sianidi. Mtu wa kisiwa ameona kwa macho yake swali ambalo watafiti walilishughulikia miaka.

Na neno kwa wanaouza vidonge vya madini, maana nawaona wanaanza kuingia kwenye nyuzi kama hizi. Huko kaskazini ya nchi, zamani za Zaire, watu walikosa ayodini na seleni pamoja. Ungefikiri ukiwapa seleni unawasaidia. Daktari Contempré na wenzake waliwapa, 1991 wakaandika kwamba kwa wagonjwa ambao tezi yao ilikuwa tayari dhaifu, homoni zilishuka zaidi. Walipaswa kupewa ayodini kwanza. Mwili nao una utaratibu wake.

mama_sombe_Nyawera

Mimi nauza sombe ku Nyawera miaka kumi na moja, nimesoma yote hii hadi hapa na mega za simu zimeniishia. Yaya niambie neno moja, sombe ni mubaya? Juu kesho wateja watakuja na maneno.

yaya_wa_Nguba

Mama yangu, sombe si mubaya! Sombe ni chakula kizuri, ukiitwanga vizuri na kuipika mupaka iive kabisa, juu majani ya muhogo nayo yana ile sianidi na ni kutwanga na kuchemusha njo inaitoa, vile wewe unajua kuliko mimi. Waambie wateja sombe ni mboga. Si kidonge. Mama mukubwa wangu hata sasa anakula sombe, mi mwenyewe nilimupikia jana bila mafuta mengi na kambaazi kidogo. Kile hatukufanya tena ni ile bonge la bugali ya pembeni, juu bugali ya muhogo ni wanga, ikifika tumboni inageuka sukari mu damu sawa mukate tu. Hapo njo ile odio iliniumiza zaidi: alimuambia aache mukate vipande viwili, yeye akaweka bugali mara mbili kwa siku, na vidonge hakuna.

mwana_Bagira

Yaya nimerudi. Nilimuuliza mama kama ulisema. Aliweka sufuria chini akahesabu ku vidole. Mama ya koko alizaa tisa. Walibaki wawili, koko na dada yake wa Burhale. Wengine mama hajui hata majina. Mi sikuwahi kujua hiyo, miaka yote tunasema familia yetu ni ya watu wa kuishi sana.

Halafu kuko kitu ingine sikuandika mara ya kwanza. Mama naye anaumwa tansyo (presha ya damu), na ile odio ni mimi nilimutumia. Nimemuuliza kama anameza vidonge bado. Amenyamaza, kisha akasema alisimamisha toka mwezi uliopita, anakunywa maji ya majani. Anasema kichwa inamuuma ku kisogo asubuhi. Nifanye nini?

yaya_wa_Nguba

Umulete kesho asubuhi. Usimugombeze njiani, na usimupandishe milima ya Bagira kwa miguu, mulipe moto. Alete mufuko ya vidonge yenye aliacha, hata kama karatasi imechanika na jina halisomeki, vidonge vyenyewe tutavitambua. Alete na hayo majani, nataka kuyaona. Ila usiku huu kama maneno yanamukwama mu kinywa, ao mukono moja unalegea, ao haoni vizuri, usingoje asubuhi, peleka hospitali mara moja. Nimekuandikia namba mu inboksi. Simu yangu inalala karibu na kichwa.

mwana_Bagira

Sawa yaya. Amekubali. Anauliza kama anaweza kunywa chai kabla ya kuja.

yaya_wa_Nguba

Ya tansyo anywe tu, bila shida. Ila mwambie asubiri kidogo, tumupime na sukari pia akiwa hajala, nitamupa chai mwenyewe hapa tukimaliza.